Dakika nane za Viola Davis, na miaka iliyokuwa nyuma yake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 27 na anaigiza na kikundi hapa Morogoro tangu amalize chuo. Kila akiitwa kwenye tamthilia ni muuguzi, ni jirani, ni dada wa kazi. Sini moja, amemaliza. Sasa anataka kuacha, anasema umri umeshamtupa mkono. Nikamwambia amwangalie mwigizaji Viola Davis wa Marekani. Nimesoma mtandaoni kwamba alipata Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, kwa kuonekana dakika nane tu, na kwamba alizaliwa kwenye shamba la watumwa ambalo sasa amelinunua. Binti akanijibu, "Huyo ni bahati yake, mama." Je, ni bahati? Na mtu anatambulikaje kwa dakika nane?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana nimefundisha uigizaji kwa zaidi ya miaka thelathini na maneno ya binti yetu nimeyasikia kwa wanafunzi wengi, wengine wenye vipaji kuliko waliobaki kwenye fani. Nitakujibu kwa urefu. Ila kwanza tunyooshe mawili uliyoyasoma, kwa sababu ukimpa kijana mfano wenye kasoro, ataishika kasoro hiyo na kuuacha mfano.

Zile dakika nane hazikumpa Oscar. Zilimfanya ateuliwe kuiwania, kwa filamu ya Doubt ya mwaka 2008, na usiku ule tuzo ilikwenda kwa Penélope Cruz. Oscar yake aliipokea Februari 2017 kwa filamu ya Fences, na humo yumo karibu mwanzo hadi mwisho. Kuhusu nyumba: mwaka 2020, siku alipotimiza miaka 55, aliweka mtandaoni picha ya kibanda alichozaliwa akasema anakimiliki chote. Tovuti zikakimbilia kuandika kwamba amenunua shamba. Mwenyewe akarudi kusahihisha kwamba anachokimiliki ni simulizi ya maisha yake. Kuzaliwa pale ni kweli: tarehe 11 Agosti 1965, St. Matthews, South Carolina, kwa bibi yake, kwenye ardhi iliyokuwa shamba kubwa la enzi za utumwa liitwalo Singleton.

Sasa bahati. Nikimtazama Viola Davis kwa jicho la mtu wa jukwaa naona mambo mawili yaliyomtengeneza: mafunzo marefu, na mwandishi mmoja. Watu humtaja Denzel Washington, humtaja Meryl Streep, waigizaji wakubwa aliofanya nao kazi, wakamsahau mwandishi. Mimi nitamtaja August Wilson mpaka uchoke, na nitakueleza kwa nini.

Tuanzie utotoni, kwa kifupi, maana yeye mwenyewe ameyaandika yote bila kuficha. Alikuwa mtoto wa tano kati ya sita. Akiwa bado mchanga, wazazi walihamia Central Falls, mji mdogo wa viwanda katika Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani. Baba alitunza farasi wa mashindano, alikunywa, na alimpiga mama mbele ya watoto. Mama alifanya kazi za ndani na za viwandani, na alikuwa mtu wa maandamano ya haki za maskini. Aliwahi kukamatwa akiwa na Viola wa miaka miwili, wakawekwa ndani wote wawili. Nyumbani palikuwa na njaa na panya. Shuleni wavulana walikuwa wakimkimbiza kwa mawe na matusi kwa sababu ya weusi wake. Akiwa mtoto, yeye na dada zake watatu waliingia mashindano ya vipaji ya mji wao na igizo walilolitunga wenyewe, wakashinda, na kati ya zawadi mlikuwa na gongo la kuchezea mpira. Gongo lile, anasema, walilitumia kuulia panya.

Na kulikuwa na televisheni, moja inayofanya kazi imewekwa juu ya nyingine mbovu. Kwenye hiyo, mwaka 1974 au baadaye kidogo, alimwona Cicely Tyson akimwigiza bibi wa zaidi ya miaka mia aliyezaliwa mtumwa. Mwanamke mweusi tii, ana midomo kama ya mama yake na shingo kama ya mama yake. Viola amesema mara nyingi kwamba siku ile ndipo alipojua anataka kufanya nini maishani. Nakuomba ushike jina la Tyson, nitalirudia.

Alisoma maigizo Rhode Island College, akamaliza 1988. Kisha akaenda kufanya usaili wa Juilliard kule New York, shule ambayo hata matajiri wa Marekani hulia mlangoni pake. Kwa kawaida usaili wao huchukua siku kadhaa, unaitwa, unaitwa tena. Yeye jioni ileile alikuwa na onyesho Providence, kule kwao Rhode Island, na treni ilikuwa inamsubiri, hivyo akawaambia wasaili kwamba ana dakika arobaini na tano tu, wamwambie kama wanamchukua au hawamchukui. Wakamchukua. Msimulie binti yetu hili, ila mwambie pia kwamba aliyesema vile alikuwa tayari anaajiriwa na jumba la maigizo. Ujasiri wake ulitokana na kazi iliyokuwa mkononi.

Juilliard alikaa miaka minne, 1989 hadi 1993. Hapa sitaki tupite haraka. Amesimulia kwamba alijifunza mengi na pia alibanwa: sauti ikanyooshwa, mwili ukanyooshwa, ili aweze kuwaigiza wahusika wa Shakespeare na wa Chekhov, waandishi wa Ulaya, na hakuna aliyemuuliza yeye ametoka wapi. Wakati wa masomo alipata fedha za kusafiri akaenda Gambia na kundi la mtu wa ngoma aitwaye Chuck Davis. Huko, kwa Wamandinka, alikuta ngoma na nyimbo zinazofanywa kwa sababu maisha yanazidai, wakiwemo wanawake ambao hawakujaaliwa watoto, ambao huchekesha na kuigiza hadharani kama sehemu ya maombi yao kwa Mungu. Alirudi New York mtu mwingine. Mimi niliyekulia kwenye ngoma namwelewa: ukishamwona mtu anaigiza kwa sababu asipoigiza ataumia, huwezi tena kuigiza ili upigiwe makofi.

Sasa hesabu, dada. Alipohitimu Juilliard mwaka 1993 alikuwa na miaka 27. Umri wa binti yetu, hajawahi kusimama Broadway, yale majumba makubwa ya maigizo ya New York, hajaonekana kwenye filamu hata moja.

Ndipo alipomkuta Wilson. August Wilson alizaliwa Pittsburgh mwaka 1945, akajipa kazi ambayo sijui mwandishi mwingine aliyeitimiza: michezo kumi ya kuigiza, kila mmoja ukibeba muongo mmoja wa maisha ya Wamarekani Weusi katika karne ya ishirini. Karibu yote ipo mtaa mmoja wa Pittsburgh uitwao Hill District. Wazoa taka, wapiga gitaa, wauza samani kuukuu, wanawake wanaopika na kusubiri. Wahusika wake huongea kurasa nzima, kama wazee wa kijiweni, na ndani ya maongezi hayo mna kila kitu ambacho mwigizaji anakihitaji. Kwenye mchezo wa Seven Guitars, unaotokea mwaka 1948, kuna mwanamke aitwaye Vera aliyeachwa na mpiga gitaa wake, sasa mwanamume amerudi anabembeleza. Viola alipewa Vera. Waliuanzia Chicago mwaka 1995, wakauzungusha miji mingine, wakafika Broadway mwaka 1996. Ilikuwa mara yake ya kwanza Broadway, na akateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya jukwaa la Marekani. Ana miaka 30.

Mwaka 2001, mchezo mwingine wa Wilson, King Hedley II: akaipata Tony, upande wa wahusika wasaidizi. Mwaka 2010, Fences, akiwa na Denzel Washington: Tony ya pili, safari hii ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 2017, Fences hiyohiyo kwenye filamu: Oscar. Mwaka 2021, Ma Rainey's Black Bottom, filamu iliyotokana na mchezo mwingine wa Wilson: uteuzi wa nne wa Oscar, idadi ambayo hakuna mwigizaji wa kike mweusi aliyekuwa ameifikia. Tazama orodha hiyo. Toa August Wilson, na sehemu kubwa ya kabati la tuzo la Viola Davis inabaki tupu. Mwigizaji hula alichopikiwa na mwandishi. Kipaji kikikosa maneno, kinabaki kuuza sura.

Kati ya tuzo hizo za jukwaani, kwenye filamu alikuwa anaishi maisha ya binti yako. Hili watu hawalijui. Filamu yake ya kwanza, mwaka 1996, alikuwa muuguzi kwenye onyesho moja, na kilichomfurahisha ni kwamba siku moja ile ilimpatia kadi ya chama cha waigizaji. Zikafuata askari, afisa ustawi wa jamii, mfanyakazi wa ndani, daktari. Mshindi wa Tony, anaingia, anasema sentensi nne, anatoka. Alizichukua kwa sababu jukwaa halilipi kodi ya nyumba na alihitaji bima ya matibabu. Sioni aibu yoyote hapo.

Lakini angalia alivyozichukua. Kwenye Antwone Fisher ya mwaka 2002, filamu ya kwanza kuongozwa na Denzel Washington, yeye ni mama aliyemtelekeza mwanawe tangu kuzaliwa. Kijana, sasa mwanajeshi wa majini, anamtafuta na kumkuta kwenye nyumba chakavu. Kijana ndiye anayeongea. Mama hana la kusema. Ameketi, anasikiliza mtoto aliyekua bila yeye akimweleza kwamba amekuwa mtu mwema. Viola anafanya kazi kwa macho na kwa pumzi tu, halafu chozi linateremka na halifuti. Huwa nawaonyesha wanafunzi kipande hicho nikiwa nimezima sauti, na darasa hunyamaza. Denzel hakukisahau. Miaka minane baadaye ndiye aliyesimama naye Broadway, na miaka sita baada ya hapo ndiye aliyemwongoza kwenye filamu iliyompa Oscar. Kama hiyo tuiite bahati, basi aliipanda mwenyewe akiwa ameketi kimya kwenye kiti kibovu.

Sasa zile dakika nane.

Doubt ni hadithi ya shule ya Kikatoliki huko Bronx, New York, mwaka 1964. Mtawa mkuu wa shule, anayeigizwa na Meryl Streep, anamshuku padri kwamba anamdhuru mvulana mmoja, mwanafunzi wa kwanza mweusi shuleni pale. Anamwita mama wa mtoto. Filamu imeshaenda zaidi ya nusu, na huyu mama, Bi. Miller, hatujawahi kumwona. Anaingia na kofia yake, koti lake zuri na mkoba, amejiweka sawasawa kama mzazi yeyote aliyeitwa shule. Anaongea kwa adabu, anakubali, anashukuru. Hata sisi huku tunaijua sauti ile ya mzazi anayemwogopa mwalimu mkuu kuliko mtoto mwenyewe anavyomwogopa.

Mtawa anamweleza tuhuma. Mtazamaji anasubiri mama apige yowe. Bi. Miller anasema ni mpaka Juni tu. Mwezi Juni mtoto anamaliza na kwenda sekondari. Akifukuzwa sasa, mlango huo unafungwa. Mtawa anashangaa, anasukuma zaidi, na wakitembea nje kwenye baridi, kwa sababu mama lazima awahi kazini, yanatoka kidogokidogo: mtoto si kama wavulana wengine, baba yake anampiga kwa hilo, na padri ndiye mwanamume pekee anayemwonyesha upole. Mama huyu amepima maovu mawili au matatu na kuchagua lile ambalo mwanawe anaweza kuvuka akiwa hai. Analia, makamasi yanamtoka, na hayafuti. Hana muda wa kuyafuta, anapigania mtoto.

Kabla ya kupiga picha, Viola aliandika kurasa na kurasa za maisha ya mwanamke huyu, maisha ambayo hayamo kwenye skripti. Kilichomsumbua ni kile kinachomsumbua kila anayeisoma: mama gani anasema hivyo? Asingeweza kutamka hata sentensi moja mpaka apate jibu ambalo yeye mwenyewe analiamini. Ndiyo maana nakwambia dakika zile nane zilikuwa na historia nzima nyuma yake. Ukimtazama akiingia, unajua ametoka mahali fulani na kuna mahali anawahi.

Umeuliza mtu anatambulikaje. Kuna jambo la utaratibu ambalo wengi hawalijui: kwenye Oscar, wanaowateua waigizaji ni waigizaji wenzao. Wanachama wote wa akademia inayotoa tuzo hiyo hupiga kura ya mwisho, lakini majina yanayoingia kwenye kura hiyo yamechaguliwa na watu wa fani ileile. Na mwigizaji anajua jambo gumu kabisa kwenye kazi hii ni kuingia filamu ikiwa imeshachemka, huna muda wa kupasha misuli, mbele yako yuko Meryl Streep aliyekaa ndani ya mhusika wake kwa wiki nyingi, na unatakiwa uipindue hadithi yote. Waliijua bei yake. Streep mwenyewe, alipopokea tuzo ya chama cha waigizaji mapema 2009, aliita kwa sauti kwamba mtu ampe Viola filamu. Na mhusika huyuhuyu alishawahi kumpa mwigizaji mwingine tuzo: mwaka 2005 Doubt ilipokuwa Broadway, Adriane Lenox alipata Tony kwa Bi. Miller, kwa muda uleule mfupi. Mwandishi, John Patrick Shanley, aliiandika nafasi ile ikiwa ndogo na nzito. Unaona? Mwandishi tena.

Mwaka 2011 alipata alichoombewa: uhusika mkuu kwenye The Help, Aibileen, mfanyakazi wa ndani huko Mississippi miaka ya sitini. Aliteuliwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Baadaye amesema waziwazi kwamba anajutia kushiriki, kwamba aliwapenda watu aliofanya nao lakini mwisho wa siku filamu haikuzisikiliza sauti za wafanyakazi wale. Iliandikwa kutokea upande wa wazungu wanaojifunza jambo. Namheshimu sana kwa kauli hiyo. Mama yake alifanya kazi za ndani. Alijua wanawake wale wanaongea nini wakirudi kwao jioni, na alijua maneno hayo hayamo.

Tangu hapo akawa mkali kuhusu maandishi. Alipoitwa kuwa Annalise Keating, wakili na mhadhiri wa sheria kwenye tamthilia ya How to Get Away with Murder iliyoanza 2014, alitoa sharti: pawe na wakati mwanamke huyu anavua wigi na kufuta vipodozi. Wakaliandika. Kwenye msimu wa kwanza anaketi mbele ya kioo chumbani, anatoa wigi, anabandua kope, anafuta uso mpaka anabaki mwanamke mweusi wa makamo na nywele zake fupi, kisha anamgeukia mume. Kwenye televisheni kubwa ya Marekani saa za usiku zenye watazamaji wengi, hilo lilikuwa geni. Mwaka uleule mchambuzi mmoja alikuwa ameandika kwamba Viola si mzuri kwa vipimo vilivyozoeleka. Jibu lilikuwa kioo kile.

Septemba 2015, akiwa na miaka 50, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia. Emmy ni tuzo za televisheni, na ile ilikuwa sherehe ya 67. Jukwaani alisema kinachowatenganisha wanawake wa rangi na wengine ni nafasi, na kwamba huwezi kushinda tuzo kwa uhusika ambao haupo. Halafu akawashukuru walioandika. Oscar ya 2017 vilevile: alizungumzia makaburi, kwamba humo ndimo zilimolala hadithi za watu waliokuwa na ndoto kubwa na hawakuzifikia, na akamshukuru August Wilson, aliyekuwa amefariki mwaka 2005, kwa kuwafukua watu wa kawaida.

Fences yenyewe naomba mwitazame pamoja, wewe na binti. Rose ni mke wa mzoa taka, wameishi miaka 18. Siku moja uani, mume anamwambia kwamba kuna mwanamke mwingine na ana mimba, na anajitetea kwamba amesimama mahali pamoja miaka yote hiyo bila kusogea. Rose anamjibu kwamba naye amesimama papo hapo, pembeni yake, na yeye pia alikuwa na matamanio aliyoyazika ndani ya mume huyo. Kamasi tena, na tena halifutwi. Baadaye yule mwanamke mwingine anafariki akijifungua. Mume anakuja na kichanga mikononi. Rose anampokea mtoto, na katika kauli hiyohiyo anamwarifu mume kwamba mtoto amepata mama ila yeye hana tena mke. Viola alishaucheza mchezo huu jukwaani zaidi ya mara mia moja kabla ya kamera kuwashwa. Mara mia moja, dada. Vijana wetu hupewa skripti usiku, asubuhi wanarekodi, halafu tunashangaa nyuso hazina kitu.

Yaliyobaki ni ya kupita. Yeye na mumewe, Julius Tennon, wana kampuni ya kutengeneza filamu, JuVee, kwa sababu alichoka kusubiri simu. Ndiyo iliyoshiriki kutengeneza The Woman King ya mwaka 2022, kuhusu askari wanawake wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Ilipigwa picha Afrika Kusini, na Viola alibeba mikuki na mapanga akiwa na miaka 56. Jirani yetu Lupita Nyong'o alitangazwa mwanzoni kuwemo, kisha akajitoa. Mwaka huohuo Viola alitoa kitabu cha maisha yake, Finding Me, akakisoma mwenyewe kwa sauti, na Februari 2023 usomaji huo ukampa Grammy, tuzo ya muziki na kazi za sauti. Hapo akawa mtu wa 18 mwenye Emmy, Grammy, Oscar na Tony zote nne kwa ushindani. Mimi Grammy hiyo ndiyo inayonigusa kuliko zote, maana safari hii mwandishi alikuwa yeye.

Kwa hiyo kwa binti yetu nashauri hivi. Muuguzi akija tena, asimkatae. Aandike kurasa tano: muuguzi huyu jana usiku alikuwa zamu, kiatu kinambana, mgonjwa wa kitanda cha nne anamkumbusha nani. Mwongozaji hatazisoma, kamera itaziona. Pili, amtafute mtu wa rika lake anayeandika, hapo hapo Morogoro, wakae wote wawili chini ya mwembe waandike wanawake wanaowajua: mama lishe wa Msamvu, mwalimu wa kujitolea, wewe mwenyewe. Mchezo huo wauigize kanisani, shuleni, ukumbi wowote, mara ishirini, mara thelathini, kabla ya kufikiria kamera. Hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, na ndilo nisilochoka kulisema darasani. Umri wake usimtie hofu, nimeshakupa hesabu.

Na jioni moja mtafutie sehemu ile ya msimu wa kwanza wa How to Get Away with Murder ambapo mama yake Annalise anakuja kumtembelea. Mama huyo ni Cicely Tyson, yuleyule wa kwenye televisheni ya Central Falls, ambaye wakati huo alikuwa ameshavuka miaka tisini. Wakili mkubwa amevua kila kitu cha mjini, ameketi mbele ya mama, na mama amemshikia chanuo, anamchana nywele taratibu huku wakiongea mambo ambayo hawajawahi kuyasema. Mwambie atazame shingo ya Viola mkono wa Tyson unapogusa kichwa.